Bunduki ya baba mdogo na kopo la risasi zisizo na maandishi

Leseni ya silaha hairithiwi kama shamba. Kwa hiyo baba mdogo alipofariki, bunduki yake tuliikabidhi kituo cha polisi katika wiki ile ile ya msiba, nami niliyeachiwa shamba la mahindi na viazi huku Mufindi, ambako nguruwe pori hushuka usiku kutoka msituni, nikaanza kuomba leseni kwa jina langu mwenyewe kwa mujibu wa sheria ya silaha ya mwaka 2015. Maombi yalichukua miezi mingi na sina cha kusimulia juu yake. Kilichonisumbua kweli ni kopo la majani ya chai tulilolikuta kabatini mwake, lenye risasi ishirini nzima na maganda kumi na moja yaliyokwisha kupigwa.

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield Namba 4 ya kipimo cha .303, iliyotengenezwa Long Branch, Kanada, mwaka 1943. Mtu fulani, zamani sana, aliibadilisha kutoka silaha ya askari hadi bunduki ya kuwindia: aliukata ubao wa mbele, akauondoa ubao wa juu uliofunika mtutu, akapiga msasa kitako na kukipaka mafuta. Inapendeza kwa macho, na ni nyepesi mkononi kuliko ilivyotoka kiwandani. Baba mdogo aliinunua pamoja na lile kopo kutoka kwa msimamizi wa shamba aliyekuwa akishindilia risasi zake nyumbani, yaani kuyajaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa, kwa kuwa za dukani zilikuwa adimu.

Baada ya kupata leseni niliipeleka bunduki kwa fundi mwenye kibali mjini Iringa, mzee mstaafu wa jeshi. Nilimsalimu, naye hata kabla ya kuitazama bunduki aliniuliza, "Mwanangu, hizi risasi za kwenye kopo alishindilia nani, na aliandika wapi kiasi cha baruti?" Nilimjibu kwamba sikukuta karatasi yoyote. Akalisogeza kopo pembeni na kuchukua ganda moja tupu.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo limenisaidia kuliko yote. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako chake, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Kwa kuwa ukingo unatosha kuishikilia, watengenezaji wa silaha za vita waliweza kuzitoboa chemba kwa upana wa ziada, ili risasi yenye matope iingie bila kukwama. Askari hakupoteza kitu, maana ganda lake lilitupwa baada ya kupigwa mara moja. Anayelitumia ganda upya ndiye anayelipa gharama hiyo: linapopigwa hutanuka na kujaza chemba, kisha mashine ya kushindilia hulibana lirudi umbo la mwanzo, linatanuka tena, na kila safari shaba huvutwa kutoka sehemu ile ile, juu kidogo ya kitako. Mwishowe ganda hukatika vipande viwili ndani ya bunduki, na gesi ya moto inaweza kumrudia mpigaji usoni.

Fundi alichukua spoki ya baiskeli iliyokunjwa ncha na kunolewa, akaiingiza ndani ya ganda na kuniambia niikwaruze taratibu kuelekea juu. Nilihisi ncha ikitumbukia kwenye mfereji. Katika maganda kumi na moja, saba yalikuwa hivyo, na matatu kati yake yalionyesha hata kwa nje mstari unaong'aa kuzunguka kitako. Kisha alifungua risasi tatu nzima mbele yangu. Mbili zilikuwa na baruti ya vijiti vidogo na moja ilikuwa na baruti ya vidonge bapa, ingawa zote zilifanana kwa nje. Sikuhitaji maelezo zaidi: hakuna aliyejua ndani ya kila risasi kuna nini. Zilizobaki tulizikabidhi polisi ziteketezwe, na nakiri kwamba roho iliniuma kidogo, kwa kuwa bei ya risasi mpya si ya mchezo.

Baadaye alipima nafasi iliyopo kati ya chemba na bolti, yaani chuma kinachoifunga kwa nyuma, kwa kuwa nafasi hiyo ikizidi ganda huvutika zaidi. Kipimo cha chini ni milimita 1.63 na kikomo cha jeshi ni 1.88, yangu ilikuwa imepita 1.70 lakini haijafika kikomo. Uzuri wa Namba 4 ni kwamba kichwa cha bolti hufunguliwa kwa kuzungushwa, na vilitengenezwa vya namba 0 hadi 3, kila kimoja kikizidi kilichotangulia kwa chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Yangu ilikuwa na namba 1. Alitafuta namba 2, na nafasi ikapungua.

Hata hivyo, shabaha haikutulia. Kwenye uwanja wa shabaha, kwa risasi mpya za kiwandani na umbali wa mita 100, matundu matano yalitawanyika kwa sentimita 20. Kosa lilikuwa la yule aliyekata ubao. Mtutu wa Namba 4 ni mwembamba, na kiwandani ulipangwa usukumwe juu kidogo na ncha ya ubao karibu na mdomo wake. Ubao ukifupishwa, mtutu hucheza unavyotaka. Huku kwetu kuna jambo lingine: ukungu wa Juni na Julai huuvimbisha mti, kisha jua la Oktoba huukausha, hivyo ubao huugusa mtutu mahali tofauti kila msimu. Fundi aliukwangua ubao kwa ndani, akaweka kipande cha ngozi nene chini ya mtutu penye ncha mpya, na kuufunga mti wote kwa mafuta ya kitani. Matundu yalisogeleana hadi sentimita 8, yakielemea kushoto kidogo, nami nimeyaacha hivyo.

Kila nikipiga, naokota ganda, nalitazama kitako na kupitisha spoki ndani. Hadi sasa sijahisi mfereji.