Meli zetu, ndege za nani?

Mi nafuatilia sana mambo ya manowari na kama kuna ugomvi wa maofisini unaonichekesha ni ule wa jeshi la anga la Uingereza, RAF, na jeshi lao la majini kuhusu ndege za kwenye meli. Yaani miaka mia na ushee sasa hawajamalizana, leo wanapiga picha pamoja, kesho wanavutana kwenye bajeti.

Chanzo ni tarehe 1 Aprili 1918, serikali ilipounganisha marubani wa wanamaji na wale wa nchi kavu ikazaliwa RAF. Tangu hapo meli ikawa ya wanamaji ila ndege zilizopo juu yake ziko chini ya RAF, na RAF wenyewe akili yote ilikuwa kwenye mabomu ya masafa marefu, nani ahangaike na ndege ya kutua melini? Wanamaji waliamuliwa warudishiwe mambo yao 1937, wakakabidhiwa kabisa Mei 1939, halafu Septemba vita hiyo hapo. Ndo maana 1941 unawakuta wanaifukuza Bismarck, manowari ya Wajerumani, kwa kutumia Swordfish, ndege ya mabawa mawili juu na chini iliyofunikwa kitambaa. Ilifanya kazi, tena kazi ya maana, lakini Wamarekani na Wajapani, ambao wanamaji wao walikuwa na ndege zao wenyewe, walishawaacha mbali.

Nisiwasengenye sana, kushirikiana wanaweza, hata sisi tumeona. Januari 1964 jeshi la Tanganyika lilipoasi na Nyerere akaomba msaada, meli iliyokuja Dar kutoka Aden ilikuwa HMS Centaur, ya kubeba ndege, na humo ndani kulikuwa na makomandoo wa majini pamoja na helikopta za wanamaji na za RAF zimechanganyika. Asubuhi ya tarehe 25 zikawashusha pale Colito, Lugalo ya leo. Na 1982 kwenye vita na Argentina kule visiwa vya Falklands, Harrier za RAF, ndege za kivita zinazoweza kutua wima, zilipanda meli ya HMS Hermes zikapigana bega kwa bega na Sea Harrier za wanamaji. Kukiwa na moto hawa jamaa wanaelewana vizuri tu, balaa ni kukiwa na amani na wizara ya fedha inataka ipunguze matumizi.

Mwaka 2000 wakaziweka Harrier zote chini ya kamandi moja ya pamoja, kwenye karatasi ilikaa poa sana. 2006 Sea Harrier zikastaafishwa, zikabaki zile za aina ya RAF, wanamaji wakawa wanapeleka marubani wao kurusha hizo hizo. Sasa 2010 imekuja panga la bajeti, inabidi aina moja ya ndege iondoke, Harrier au Tornado. Tornado ni ya RAF peke yao. Haya niambie ipi ilikatwa. Disemba 2010 Harrier zikaruka mara ya mwisho, Machi 2011 Ark Royal, meli iliyokuwa inazibeba, ikaondolewa kazini, na wiki iliyofuata mashambulizi ya Libya yakaanza! Ikabidi Tornado zitoke Marham, huko huko Uingereza, ziende kupiga Libya na kurudi, maili kama 3,000 na kujazwa mafuta angani njiani, wakati Wafaransa wako na Charles de Gaulle, meli yao ya kubeba ndege, hapo hapo Mediterania. Mwisho wa mwaka Harrier 72 pamoja na vipuri wakawauzia Wamarekani kwa paundi milioni 116. Wamarekani walikuwa wanazitaka kwa ajili ya makomandoo wao wa majini, wakachekelea.

Kipindi hicho hicho Waingereza wanajenga meli mbili kubwa za kubeba ndege, HMS Queen Elizabeth na HMS Prince of Wales, tani 65,000 kila moja. Ndege ya kuzipanda ilikuwa F-35B, ndege ya kivita ya Kimarekani inayotua wima, 2010 wakabadili wakasema F-35C, inayorushwa na mtambo kama jiwe la manati, 2012 wakapiga hesabu ya kuweka hiyo mitambo wakashtuka, wakarudi kwenye B. Huo mzunguko wa kwenda na kurudi uliwala kama paundi milioni 74 bila kupata hata tairi.

Na F-35B nazo ni za kuchangia. Kambi ni moja, Marham, skwadroni ya 617 ni ya RAF, ya 809 ni ya wanamaji na imefufuliwa Disemba 2023, ila marubani na mafundi wamechanganywa kote kote. Oda ya kwanza 48 tu, moja ikazama Mediterania Novemba 2021. Safari hiyo HMS Queen Elizabeth ilikuwa na ndege 8 za Waingereza na 10 za makomandoo wa majini wa Marekani, wageni wengi kuliko wenyeji. 2025 HMS Prince of Wales angalau imeondoka na 18 za kwao, nikasema haya sasa mmeanza.

Kumbe nimewahi kusifia. Juni 2025 hiyo hiyo serikali inatangaza kwamba kati ya ndege 27 zinazofuata, 12 zitakuwa F-35A, ya kubeba bomu la nyuklia, na hiyo A haitui melini hata umlipe rubani mara tatu. Kwa hiyo RAF wanapata yao na wanamaji wanabaki na 15 za kugawana tena na hao hao RAF. Halafu F-35A inajazwa mafuta angani kwa bomba gumu linaloshushwa na ndege ya mafuta, wakati ndege za mafuta za RAF zinatoa mpira wa kuburuza tu, kwa hiyo ikiwa angani na mafuta yanapungua itabidi waombe kwa majirani wa NATO. Hilo nalo sijui nani alilipitisha na chai mkononi.