Mama, Nakataa Kwanza

Wiki tatu zilizopita, usiku, cherehani ya mama iligoma. Kila akishona kidogo uzi unakatika, na asubuhi alitakiwa kukabidhi sare za shule za watoto wawili. Nikamwambia tulia mama, ngoja nitazame kwenye simu. Nikaandika tatizo, nikafungua ukurasa wa kwanza, na kabla sijasoma hata mstari mmoja nusu ya kioo ikafunikwa: tunajali faragha yako. Chini yake kitufe kipana cha kijani, Kubali Vyote. Pembeni, kwa maandishi ya kijivu yaliyofifia mpaka uyakodolee macho, Dhibiti Mapendeleo.

Nikabonyeza ya kijivu, kwa ubishi tu. Ikafunguka orodha ya "washirika wetu", wamepita mia nane. Washirika mia nane, kwa ajili ya uzi wa cherehani! Na kule kwenye sehemu iliyoandikwa "maslahi halali", yaani wanakodai hawahitaji hata ruhusa yangu, swichi zilikuwa zimeshawashwa, nizime moja moja.

"Umepata?" mama akauliza.

"Bado mama, nakataa kwanza."

"Unamkataa nani usiku huu?"

Ningemjibu nini? Nilipofika kama swichi ya arobaini kidole kikachoka, bando nalo linakwenda, nikarudi nyuma nikabonyeza ya kijani. Dawa yenyewe ilikuwa mistari miwili: sindano ilipachikwa kinyume. Mama akaigeuza, akashona mpaka saa sita. Mimi tangu siku hiyo nauziwa cherehani kila ninapogusa, hata kwenye matokeo ya mpira.

Vitu nilivyovikubali kwa kile kitufe cha kijani, wenye lugha yao waliviita cookies, yaani biskuti, utadhani umekaribishwa chai. Kwetu ni vidakuzi, na mimi nikilisikia neno hilo nasikia udaku, nasikia yule jirani anayefagia uwanja mara nne kwa siku ili ajue nani kaingia kwa nani. Safari hii tafsiri imesema ukweli kuliko neno lililotafsiriwa.

Ila nisiwaonee. Kidakuzi ni maandishi machache tu ambayo tovuti inayaacha ndani ya kivinjari chako, ile programu unayofungulia tovuti, ili ikukumbuke ukirudi. Lou Montulli alipokibuni mwaka 1994, akiwa Netscape, kampuni ya kutengeneza vivinjari, shida ilikuwa duka la mtandaoni kusahau mteja ameweka nini kikapuni. Bila hicho ningeandika nywila kila nikihama ukurasa. Hicho sigombani nacho. Nagombana na vile vya mtu wa tatu: kampuni ya matangazo yenye kipande chake kwenye ukurasa wa cherehani, kingine kwenye gazeti la michezo, kingine kwenye ule ukurasa wa dalili za ugonjwa niliousoma saa nane za usiku na sikumwambia mtu. Kote huko inanitambua kuwa ni yuleyule.

Nimelelewa Tanga. Mtu anapiga hodi, ananyamaza, anapiga tena. Mara ya tatu asipoitikiwa anakwenda zake, na wala hanuni. Simu yangu ndiyo nyumba yangu, na hawa wanaotaka kuacha kitu chao ndani yake wanapiga hodi huku mguu mmoja umeshavuka kizingiti. Ile "Karibu" wameiandika wao wenyewe kwa rangi ya kijani. Mimi nimebakiziwa kuigusa tu, halafu kesho waseme niliitikia mwenyewe. Kufuatiliwa naweza kukuzoea, Mungu anisamehe. Kinachoniudhi ni kulazimishwa kutia sahihi.

Watu hulaumu sheria za Ulaya kwa usumbufu huu, hasa ile ya ulinzi wa data, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Lakini hakuna sheria iliyoagiza kitufe cha kukataa kifichwe. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Oktoba 2019, ilisema kisanduku ulichowekewa tiki tayari hakihesabiki kuwa ni ridhaa. Januari 2022 wasimamizi wa faragha wa Ufaransa wakatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali kulikuwa mbofyo mmoja na kukataa ni safari. Kwa hiyo ufundi huu unajulikana, una bei, na wapo wanaoona bei hiyo inalipika. Na sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, tume ya kuisimamia ipo. Mama yangu hajaisikia. Anachokijua yeye ni kwamba simu ya mwanawe inaongea sana.

Jana nikaamua kusafisha. Nikaingia kwenye mipangilio ya kivinjari, nikafuta vidakuzi vyote. Raha kama ya kufua mashuka. Asubuhi kila mahali nimetolewa nje, nywila mbili nimezisahau, na zile tovuti chache nilizojitahidi kuzikatalia, swichi kwa swichi, zote zimeniuliza upya.

Kumbe na ile hapana yangu walikuwa wameiandika ndani ya kidakuzi.

Nimemsimulia mama wakati anatia uzi kwenye sindano. Akacheka mpaka uzi ukamtoka mkononi.