Macho ya Park Doo-man

Jana usiku niliitazama tena Memories of Murder, filamu ya mwongozaji Bong Joon-ho kuhusu wapelelezi wanaomsaka muuaji wa wanawake bila kumpata, na kutwa nzima ya leo mwisho wake haujanitoka.

Ni mwaka 2003, Korea Kusini. Park Doo-man, aliyekuwa mpelelezi kijijini, sasa ni mfanyabiashara mwenye suti. Anasimamisha gari na kuinama kuchungulia mtaro wa pembeni mwa shamba la mpunga, ule ule alimoukuta mwili wa mwanamke mwaka 1986. Binti mdogo anapita, anamwambia kuna mtu mwingine naye alichungulia humo juzijuzi, akasema amekumbuka jambo alilolifanya hapo zamani. Sura yake ikoje? Ya kawaida tu. Park anageuka, anatukazia macho sisi watazamaji, na filamu inaishia hapo.

Inasemwa kwamba anamtafuta muuaji ukumbini, na Bong mwenyewe amewahi kueleza hivyo. Sikatai. Ila naona na uchungu mwingine. Tangu mwanzo Park anajigamba kuwa akimtazama mtu machoni anamjua mhalifu. Kwa kujiamini huko kijana mwenye ulemavu wa akili anapigwa, na alama ya kiatu chake inapachikwa udongoni iwe ushahidi. Halafu inakuja ile mvua mbele ya handaki: Park anamshika mshukiwa wa mwisho uso, anamtazama, anatazama tena, hasomi kitu. Anaishia kumuuliza kama huwa anapata chakula. Jibu la yule binti linakuja kumaliza kilichobaki. Park anatutazama kwa sababu kutazama ndiyo kazi pekee aliyoijua, na sasa anajua haimpi chochote.

Kisa chenyewe kilitokea kweli. Wanawake 10 waliuawa Hwaseong, huko huko Korea Kusini, kati ya 1986 na 1991. Mwaka 2019 vinasaba vilimfikia Lee Choon-jae, mfungwa wa maisha aliyekamatwa mwaka 1994 kwa kumuua shemeji yake. Akakiri. Kati ya aliyoyakiri limo shauri moja ambalo lilikwishahukumiwa zamani: mtu mwingine alikamatwa mwaka 1989, polisi wakamtesa mpaka akakubali, akakaa gerezani miaka kama 20. Mahakama ilimsafisha Desemba 2020.

Huyo ndiye ninayemfikiria kila Park anapogeuka, na roho inaniuma. Filamu ilipoingia kumbini mwaka 2003 wote wawili walikuwa kifungoni, aliyeua na asiyeua.