Siku moja maishani mwangu: kuwatenganisha Bartolomeo wawili wa Lipari

Saa moja asubuhi

Simu ya kwanza inatoka Melbourne, ambako tayari ni saa tisa alasiri. Anayepiga ni mama mmoja mstaafu, mzaliwa wa Australia, ambaye wazee wake walitoka Lipari, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Aeolia, kaskazini mwa Sicilia. Visiwa hivi vilipeleka watu wengi sana Australia na Marekani, na wajukuu wao ndio wanaonipa kazi. Mimi ni Mkenya ninayeishi Italia, na ninachofanya ni kufuatilia nasaba kwenye vitabu vya kanisa.

Mama huyu ana mti wa ukoo alioutoa mtandaoni. Unashuka vizuri mpaka unapofika miaka ya 1680, na hapo unamtaja Bartolomeo, mwana wa Antonino na Caterina. Anachotaka kujua ni kama huyo kweli ni wa kwao. Namwahidi kwamba leo nitamtafutia jibu, maana vitabu ninavyovihitaji vinatolewa asubuhi hii.

Saa mbili

Nakunywa granita ya lozi na kula brioche, kisha napanda kuelekea ngomeni. Kanisa kuu la Mtakatifu Bartolomeo liko huko juu kwenye mwamba, ndani ya kuta nene zilizojengwa upya baada ya balaa la 1544. Mwaka huo, mwezi wa Julai, Hayreddin Barbarossa, amiri wa majeshi ya baharini ya Sultani Suleiman wa Waosmani, aliuzingira mji huu, akauteka na kuwachukua wakazi wake utumwani. Idadi inayotajwa mara nyingi ni karibu watu 9,000, yaani karibu kisiwa kizima. Kanisa lilichomwa moto. Wachache walikombolewa wakarudi. Kaisari Carlo V akaamuru mji ujazwe watu upya, na wahamiaji wakaja kwa ahadi ya mapendeleo.

Kwa hiyo yeyote anayefuata ukoo wa Lipari kwenda nyuma anajua kuna ukuta unaomsubiri. Kila familia hapa ni ya waliorudi, ya waliohamia, au ya mchanganyiko wa hao wawili. Ninapopita chini ya lango la ngome nawafikiria waliotolewa kwa njia hiyo hiyo, na sijawahi kulizoea jambo hilo.

Saa tatu

Chumba cha kusomea kina meza moja ndefu. Penseli tu, kalamu za wino haziruhusiwi. Mikono iwe safi na mikavu. Padri mtunzaji ananiletea kitabu cha ubatizo. Wino wa zamani ulichanganywa na chumvi ya chuma, kwa hiyo mahali mwandishi alipokaza mkono karatasi imelika, na nambari nyingine zimebaki matundu.

Tatizo lenyewe ni hili. Huku mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na wasichana hivyo hivyo kwa nyanya zao. Sisi Wakikuyu tunafanya vivyo hivyo hasa, na ndiyo sababu kazi hii iliniingia damuni haraka. Sasa chukua mzee mmoja aitwaye Antonino mwenye wana wawili, Giovanni na Bartolomeo. Kila mmoja wao anampa kifungua mimba wake jina la Antonino, na tayari mna binamu wawili wenye jina moja na ukoo mmoja. Antonino wa Bartolomeo anamwita mtoto wake wa kwanza Bartolomeo, jina la baba yake. Antonino wa Giovanni anamwita wa kwanza Giovanni, lakini wa pili anampa jina la baba mkwe, ambaye naye ni Bartolomeo, kwa kuwa ndilo jina la mtakatifu mlinzi wa kisiwa na limejaa kila nyumba. Matokeo yake ni vijana wawili waliopishana miaka michache tu, wote Bartolomeo wa Antonino.

Kitabu kinanipa wote wawili. Mama wa yule wa tawi la Bartolomeo ni Caterina, wa yule wa tawi la Giovanni ni Rosa. Wanawake hapa hawapotezi jina la ukoo wa kwao wanapoolewa, na hilo limeniokoa mara nyingi. Ila kitabu cha ndoa kinasema tu kwamba bwana harusi ni Bartolomeo, mwana wa marehemu Antonino. Mama hatajwi.

Ubatizo wa mtoto wa Rosa una tundu palipokuwa na tarakimu ya mwisho ya mwaka. Imebaki 168, mwezi wa Machi, indiksheni ya 10. Hii indiksheni ni hesabu ya zamani ya mizunguko ya miaka 15, na Sicilia mwaka wake ulianza tarehe 1 Septemba. Ongeza 3 kwenye mwaka, gawanya kwa 15, kinachobaki ndiyo indiksheni ya miezi ya Januari hadi Agosti. Jaribu 1687: ukiongeza 3 ni 1690, ukigawanya kwa 15 inabaki 10. Hakuna mwaka mwingine katika muongo huo unaokubali. Tundu limezibwa, bila kubahatisha.

Saa nne na nusu

Wanaotafuta ukoo wengi husoma jina la mtoto na la baba, kisha wanafunua ukurasa. Mimi naanzia mwisho wa mstari, kwa wasimamizi wa ubatizo. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika kikao cha Novemba 1563, uliwaagiza maparoko waweke vitabu vya ubatizo na ndoa, na ukaamuru msimamizi awe mmoja, au wasizidi wawili, mwanamume na mwanamke. Kabla ya hapo watu walikuwa wakileta kundi zima. Nafasi ikishakuwa finyu hivyo, anayeitwa ni mtu mwenye uzito kwa familia: mwenye chombo ambacho baba anavulia, shangazi asiye na watoto, jirani waliyeshirikiana naye shamba la mizabibu.

Msimamizi wa mtoto wa Rosa ni nahodha mmoja, na mbele ya jina lake wameandika cheo chake. Narudi kwenye kitabu cha ndoa. Shahidi wa kwanza wa Bartolomeo anayeoa ni nahodha huyo huyo, miaka zaidi ya 20 baadaye. Moyo unanidunda. Lakini nahodha anaweza kuwashuhudia wengi, kwa hiyo hilo peke yake halitoshi.

Naomba kitabu cha vifo. Antonino mume wa Rosa amezikwa miaka mitatu kabla ya harusi. Antonino mume wa Caterina namkuta hai baada ya harusi, katika orodha ambayo paroko aliiandika nyumba kwa nyumba wakati wa Pasaka, ili ajue nani ameungama na kupokea komunyo. Bwana harusi baba yake alikuwa marehemu. Basi ni mtoto wa Rosa, na mti wa mtandaoni umeipandisha familia nzima ya Australia kwenye tawi lisilo lake.

Saa sita

Ningeweza kuishia hapo, lakini pembeni mwa ndoa kuna maneno mafupi: wameruhusiwa licha ya undugu wa daraja la nne. Siku hizo Kanisa lilizuia ndoa mpaka daraja hilo, yaani hata watu ambao undugu wao unakutana kwa babu wa babu. Kisiwani nani utamkwepa? Ndiyo maana maombi ya ruhusa yalikubali hata sababu ya ufinyu wa mahali: binti hawezi kupata kwao mchumba anayemfaa asiye ndugu yake.

Na ombi lazima lithibitishwe. Padri analifungua bunda la faili za ndoa, na ndani ya ile ninayoitafuta karani amechora mti kwa mkono wake. Juu kuna duara moja, chini yake mistari miwili inayoshuka sambamba, kila jina ndani ya kiduara chake. Upande wa kushoto: Bartolomeo, juu yake Antonino, juu yake Giovanni, juu yake Antonino mzee, na kileleni Francesco. Giovanni, siyo Bartolomeo. Ni uthibitisho mwingine, umetoka kwa watu walioapa mbele ya kanisa wakiwa hai na kumbukumbu zao.

Nanakili mchoro wote polepole kwa penseli. Hakuna kitu ninachokipenda katika kazi hii kama mti uliochorwa na mtu aliyewajua wahusika.

Saa saba

Mkate wenye nyanya, kepa na mafuta ya zeituni. Chumba kimefungwa mpaka kesho.

Saa tisa

Alasiri ni ya mtandao. Sicilia ilianza kuandikisha raia serikalini mwaka 1820, na picha za vitabu hivyo ziko bure kwenye tovuti ya Antenati ya hifadhi za nyaraka za taifa. Ninahakiki vizazi vya chini vya mteja. Viambatisho vya ndoa ndivyo hazina: bwana harusi aliyefiwa na baba alitakiwa kuleta cheti cha kifo cha baba, na cha babu pia. Faili moja ya miaka ya 1820 inaweza kukurudisha karne nzima kwa dakika tano. Leo kila kiungo kinashika.

Saa kumi na mbili jioni

Namwandikia mama wa Melbourne, asome atakapoamka. Bartolomeo wako, aliyebatizwa Machi 1687, ni mwana wa Rosa. Jina lake alilipata kwa babu mzaa mama, kwa hiyo una ukoo wa pili ambao hujaufuata. Caterina na mumewe ni ndugu zako wa pembeni, usiwafute, wahamishe tu. Naambatisha ushahidi mmoja mmoja, na nawataja nahodha na karani pia.

Kuhusu Francesco aliye kileleni, kwa makadirio ya vizazi alizaliwa miaka ya 1560 hivi. Wazazi wake basi walikuwa aidha watu wa Lipari waliorudi kutoka utumwani, au wageni waliokuja kuishi katika nyumba zilizoachwa wazi. Kesho naomba vitabu vya zamani zaidi vilivyobaki, nione Francesco alisimamia ubatizo wa nani, na nani alisimamia watoto wake.