Nilivyolirudisha kabati la Maple kazini bila kulipaka rangi

Kabati ni la droo, la mahogani, na mwenyewe ni mama wa Kizanzibari tunayekaa naye mtaa mmoja hapa London. Alilipata kwa bei ya chee kwenye duka la mitumba, droo mbili za juu hazifunguki na uso wake umejaa madoa meupe ya vikombe vya chai.

"Mwanangu, we lipige rangi nyeupe tu, lilingane na kitanda."

"Sawa mama, lakini niachie kwanza nilichunguze."

Nilibandua ubao wa mgongo nikazisukuma droo kutokea nyuma. Ya kwanza ilipotoka, nikaona kwenye ukingo wake wa juu chapa iliyogongwa ndani ya mbao: MAPLE & CO. Habari ya rangi nyeupe ikaishia hapo.

Karne ya 19, Tottenham Court Road ndiyo iliyokuwa barabara ya maduka ya samani hapa London. Heal's, duka mojawapo la hapo, wapo mpaka leo. Maple hawapo tena, ila enzi zao walikuwa vigogo. John Maple alianza biashara mwaka 1841. Mwanawe, John Blundell Maple, akaikuza mpaka mtu mwenye nyumba tupu aliweza kuingia dukani na kuagiza kila kitu kwa mara moja: mazulia, mapazia, magodoro, vitanda, meza za kulia. Utajiri huo ndio uliojenga upya Hospitali ya University College, lile jengo la matofali mekundu la Gower Street. Alifariki 1903, ujenzi haujakamilika.

Lakini chapa ya duka si jina la fundi. Maple walikuwa na karakana zao, na pia walinunua kazi kwa mafundi wadogo wa London mashariki, waliojazana kuzunguka Curtain Road. Mwaka 1888 kamati ya Baraza la Malodi la Bunge la Uingereza ilipochunguza unyonyaji wa vibarua, jina la Maple lilitajwa, na Blundell Maple akafika mbele yake kujibu. Aliyelitengeneza kabati hili simjui, ila mkono wake nimeuona. Meno ya kona za droo hayalingani upana, yamekatwa kwa msumeno wa mkono, na mistari aliyokwaruza kupimia bado inasomeka. Nyuma ya droo ya pili kuna namba ya penseli. Sikuifuta, na sitaki fundi mwingine aje aifute.

Droo zilikwama kwa sababu mbili: mbao zilivuta unyevu, na kingo za chini zililika kwa miaka mingi ya kuvutwa. Nililiacha likauke taratibu, mbali na hita, kwa maana joto la ghafla hupasua mbao. Kisha nikabandika vipande vyembamba vya mbao ngumu pale palipolika, nikavilainisha kwa randa, nikamalizia kwa kupaka nta ya mshumaa. Gundi niliyotumia ni ile ya kizamani ya ngozi za wanyama, inayolowekwa na kupashwa moto sufuria ndani ya sufuria. Inalegea tena kwa maji ya moto, kwa hiyo atakayelifungua baadaye hatalazimika kuvunja kitu.

Madoa ndiyo yaliyonichukulia muda. Kwanza nililowesha pamba kwa spiriti nikaigusisha sehemu iliyojificha. Vanishi ikanata kidoleni, nikajua ni shelaki, vanishi ya kizamani inayoyeyuka kwa spiriti, na kwamba ule weupe ni unyevu ulionaswa ndani yake. Nikafunga pamba kwenye kitambaa, nikaitia spiriti kidogo sana, nikapitisha juu ya doa haraka bila kusimama. Weupe ukafifia, mishipa ya mahogani ikajitokeza. Baada ya hapo ni tabaka nyembamba za shelaki mpya, kwa mzunguko, siku baada ya siku. Msasa wa mashine haukugusa kitu: uso ule ni vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao iliyobandikwa juu, na ukishaitoboa umeua kabati.

Vishikizo vya shaba niliviosha kwa maji ya sabuni tu, nikauacha weusi wake. Kimoja cha droo ya chini kilipotea zamani. Nimeshaanza kumtafutia mama pacha wake kwa wauza vyuma vya kale, na kwa sasa droo hiyo inavutwa kwa kishikizo kimoja.