Siku moja maishani mwangu: "Kwa nani?"

Saa 12:30 asubuhi

Napokea zamu. Daftari la usiku lina mistari miwili tu: mtoto wa chumba namba 4 aliamka akilia, na simu iliyopigwa saa 9 usiku ikakatwa kabla mtu hajasema neno. Simu za namna hiyo huziwekea alama ya nyota. Anayepiga saa hizo kisha akakata hajakosea namba.

Nafanya kazi kwenye nyumba salama ya wanawake wanaokimbia ukatili nyumbani. Tuna vitanda 16, na leo vyote vina watu.

Saa 2:00

Mahojiano na mama aliyefika jana jioni na mabinti wawili. Fomu yetu inaanza na swali jepesi: unaishi wapi? Miaka yote niliyouliza swali hili, majibu yana neno moja: kwa. Kwa shangazi. Kwa dada, ila shemeji amechoka. Kwa rafiki wa kazini, wiki moja tu. Huyu anasema alitoka kwa baba akaenda kwa mume, na sasa hajui. Miaka 11 alichangia kodi ya nyumba, lakini mkataba una jina la mume peke yake, na mchango wake hauna risiti.

Akitoka, mwanafunzi aliye hapa kwa mafunzo ananiuliza kwa nini hakuondoka mapema. Swali hilo huulizwa kila mwaka, nami kila mwaka nalikasirikia kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi anayefanya ni mwenzi wake. Kwa wengi wao kuondoka ndiko kukosa pa kulala. Anapima kipigo anachokijua na usiku asioujua, akiwa na watoto mkononi.

Na akishaondoka, haonekani. Wanaohesabu wasio na makazi huzunguka usiku kwenye vibaraza na chini ya madaraja, na wengi wanaowakuta ni wanaume. Mwanamke anajua kitakachompata akilala wazi, kwa hiyo anajificha. Atapanda basi la usiku hadi mwisho wa njia, kisha arudi nalo. Atakaa kwenye benchi la hospitali kama mtu aliyeleta mgonjwa. Au atakubali kupewa pa kulala na mwanamume ambaye atamdai malipo yasiyo ya pesa. Kwenye hesabu, huyo ana pa kulala.

Saa 4:00

Simu kwa wenye nyumba. Wanataka kodi ya miezi ya mbele, uthibitisho wa kipato na mdhamini. Nyumba tano, hapana tano.

Saa 6:00

Kesi inayoniumiza zaidi leo. Mama ana mvulana wa miaka 15, nasi, kama nyumba nyingi za aina hii, hatupokei wavulana wakubwa. Kanuni ina sababu zake; humu mna wanawake wanaoshtuka wakisikia tu sauti nzito koridoni. Lakini mama ananitazama na kusema, "Dada, huyu ndiye aliyenitoa kule." Nahangaika mpaka saa 8 kumtafutia mahali watakapokaa wote. Napata, kwa siku tatu.

Saa 8:30

Bibi mjane. Mumewe alifariki, na shemeji zake wakabadilisha kufuli akiwa bado kwenye msiba. Namsindikiza kwa wakili wa msaada wa kisheria. Kibarua chake kitakuwa kirefu, maana hati iko kwa jina la marehemu baba mkwe. Nikiwa kwenye foleni nakumbuka kifungu cha 25 cha Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948: kinataja makazi, na kinataja ujane kwa jina. Waliokiandika walijua.

Saa 10:00

Tunamhamisha dada aliyekaa nasi miezi minne. Chumba ni kidogo na dirisha halifungi sawasawa. Anafungua mlango, anageuka. "Karibuni kwangu," anasema, kisha ananyamaza kama aliyesikia sauti ya mtu mwingine. Natoka nje nikisingizia simu.

Saa 12:00 jioni

Kabla ya kukabidhi zamu najaza fomu ya shule ya binti mkubwa wa yule mama wa asubuhi. Anwani yetu ni siri, wanaume wasiwafuate, kwa hiyo mahali pa makazi naandika namba ya sanduku la posta. Binti anasoma begani kwangu.

"Kwani sisi tunaishi ndani ya sanduku?"

Mama yake akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Kisha akaniomba kalamu, akataka kuiandika hiyo namba mwenyewe.