Nilijaza Masoko, nikamaliza na Ununuzi

Fomu ya kuchagua mchepuo tulipewa mwishoni mwa mwaka wa pili, mwaka 2023, kwenye shahada yetu ya usimamizi wa biashara. Vilikuwa visanduku vinne: Uhasibu na Fedha, Masoko, Rasilimali Watu, Ununuzi na Ugavi. Niliweka tiki kwenye Masoko nikiwa foleni ya chai kantini, kalamu nimeazima. Sababu yangu ya kweli, maana sina cha kuficha, ni kwamba kaka mmoja aliyetutangulia alikuwa afisa masoko, anavaa vizuri, na kila wikiendi yuko kwenye tamasha la kampuni yake.

Nyumbani hawakukubali. Mjomba wangu ni mhasibu tangu enzi za vitabu vikubwa vya jalada gumu, na kwake dunia ina kazi moja tu. "Mjomba, mhasibu halali njaa. Soma uhasibu, fanya mitihani ya NBAA, pata CPA, mengine utakuja kunishukuru." NBAA ni bodi ya wahasibu, na CPA ndiyo cheti chake. Hakukosea. Kila ofisi inahitaji mtu wa vitabu, na mwenye shahada ya uhasibu akienda kwenye mitihani ya bodi anaruka ngazi ya chini ambayo mwenye shahada nyingine lazima aipitie. Tatizo lilikuwa mimi. Uhasibu wa fedha mwaka wa kwanza nilipata C, tena C ya kusukumwa. Nilijua nikichagua ule mchepuo, mwaka wa tatu ungeniumbua.

Rafiki yangu wa chumbani alinipa wazo ambalo hadi leo namshukuru. Yeye alikuwa na tabia ya kusoma matangazo ya kazi kama wengine wanavyosoma habari za Simba na Yanga. Akaniambia, acha kuuliza watu, fungua Ajira Portal, tovuti ya kazi za serikali, na matangazo ya kampuni binafsi, kila siku, kwa mwezi mzima, uandike kila kazi inataka nini. Nikanunua daftari. Kwenye masoko nikaona kitu ambacho yule kaka hakuwahi kunisimulia: kazi nyingi za kuanzia ni za mauzo, mshahara mdogo na kamisheni, na nyingine zinataka uwe na pikipiki na leseni yake. Sio kazi mbaya. Ila mimi kuongea na mtu nisiyemjua nimshawishi anunue sabuni, jasho linanitoka. Rasilimali watu nafasi zilikuwepo, lakini ofisi yenye watu mia ina afisa rasilimali watu mmoja au wawili, basi. Ununuzi na ugavi ulijitokeza sehemu nisizozitarajia: viwanda, hospitali, halmashauri, migodi, kampuni za ujenzi. Na karibu kila tangazo la serikali lilimalizia na sharti moja, awe amesajiliwa na PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi.

Hata hivyo fomu nilikuwa nimesharudisha. Chuo kilisema anayetaka kubadili ana wiki mbili za mwanzo wa mwaka wa tatu. Nikaona field, yale mafunzo ya vitendo kazini, ndiyo itaamua.

Kupata sehemu ya field Dar ni kazi yenyewe. Nilizunguka na barua kuanzia Samora hadi Posta, kwenye mapokezi wanakwambia "acha, tutakupigia," na simu haipigi. Ofisi moja walinipokea vizuri, siku ya kuripoti wakasema nafasi imejaa. Mwisho Mama ndiye aliyeniokoa. Ana duka la mapazia Kariakoo, mzigo wake unatoka Guangzhou, China, kwenye kontena la kuchangia, analipia CBM (mita za ujazo) mbili au tatu kulingana na hali ya mfuko. Wakala wa klia, yaani anayemtolea mzigo bandarini, alikubali nikae kwake wiki nane, bila posho, nauli yangu mwenyewe. Mbagala hadi mjini kila asubuhi nimesimama.

Wiki ya kwanza nilipanga mafaili. Ya pili nikatumwa chai. Ya tatu ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Kuna mteja alileta vifungashio vya plastiki, thamani yake hadi inafika bandarini, pamoja na usafiri na bima, kama shilingi milioni 40. Dada aliyekuwa ananisimamia alikuwa ameandaa kadhia, yale maelezo ya forodha, akitumia namba ya bidhaa inayotozwa ushuru wa asilimia 10. Forodha wakasema hapana, hii ni bidhaa iliyokamilika, asilimia 25. Sikuelewa kelele za nini. Dada akanisogezea kiti, akachukua nyuma ya bahasha ya khaki.

"Haya, msomi, piga hesabu."

Asilimia 10 ya milioni 40 ni milioni 4. Asilimia 25 ni milioni 10. Nikasema tofauti ni milioni 6. Akatikisa kichwa. "VAT je?" VAT ni asilimia 18, na inatozwa juu ya thamani ukishaijumlisha na ushuru, kwa hiyo ile milioni 6 nayo inazaa kodi, milioni 1 na elfu 80. Jumla milioni 7 na elfu 80, kwa sababu ya namba moja kwenye fomu. Na wakati wanabishana, kontena limekaa, sitoreji, ada ya kulaza mzigo bandarini, inahesabika kwa siku, na mwenye meli naye anasubiri kudai demareji, malipo ya ucheleweshaji, kontena lisiporudi kwa wakati.

Siku nne nilimwona yule Dada akitafuta ushahidi. Alimpigia mteja alete sampuli, akaomba maelezo ya kiwanda, akafungua kitabu cha ushuru wa Afrika Mashariki akasoma maneno ya kila kifungu kama wakili. Vile vifungashio havikuwa vimechapwa wala kukatwa, vilikuwa bado vimeviringishwa rola, vinakwenda kumaliziwa kiwandani Vingunguti. Hoja ikapita. Mteja alipokuja kuchukua makaratasi alileta soda kreti zima, na mimi wa kutumwa chai nikanywa mbili.

Usiku ule kwenye daladala nilikuwa naendelea kupiga hesabu kichwani. Kumbe hesabu sikuzichukia. Nilichokuwa nachoka nacho ni kuandika kilichokwishatokea. Hizi za kuamua kabla fedha haijatoka, ununue wapi, kwa masharti gani ya usafiri, mzigo ufike lini, ushuru utakula kiasi gani, hizo nilikuwa naziona kama mchezo wa drafti.

Chuo kilipofunguliwa nikaenda kubadili. Ilitakiwa saini ya mkuu wa idara, na mkuu wa idara alitaka sababu kwa maandishi. Nikaandika ukurasa mmoja kuhusu vifungashio. Alisoma, akacheka, akasaini. Mjomba yeye hakucheka. "Ununuzi? Hiyo si kazi ya stoo?" Nikamwambia ndiyo, na ya stoo imo.

Bahati nayo ilinikuta njiani. Mwaka huohuo wa 2023 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, na zabuni za serikali zikahamia kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni. Wafanyabiashara wadogo waliozoea kupeleka bahasha wakajikuta wanahitaji mtu wa kukaa nao kwenye kompyuta. Mwaka wote wa tatu nilikuwa na vijihela vya jumamosi kwa kuwasajili watu wa Kariakoo na kuwaonyesha jinsi ya kupandisha nyaraka zao. Kwenye usaili wa kazi, hicho ndicho walichoniuliza muda mrefu zaidi. GPA, wastani wangu wa alama za chuo, waliitazama tu wakaweka chini.

Sasa ni mwaka wangu wa kwanza kazini, kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, afisa ununuzi msaidizi. Mkataba wa mwaka mmoja, unaohuishwa wakiridhika. Malighafi zetu zinakuja kwa meli, kwa hiyo yule Dada wa klia nampigia karibu kila wiki, na bado ananiita msomi. Mitihani ya bodi, ile PSPTB, nimeanza Novemba. Nilishinda yote isipokuwa karatasi moja, na mjomba alipouliza ni ipi nikamwambia, akakaa kimya kidogo, kisha akasema nimfuate Jumapili na daftari.

Ilikuwa ya uhasibu.